Pumzi hutangulia, kano hufuata: kwa nini wanaoanza mazoezi huumia

Tangu kampeni ya kuhamasisha mazoezi ianze, foleni katika kitengo chetu cha fiziotherapia imerefuka, na malalamiko yanafanana: goti, kisigino, kano (utepe mgumu unaofunga msuli kwenye mfupa) ya nyuma ya kifundo, kiuno. Wanaokuja ni watu wenye nia njema. Walianza taratibu, wiki chache zikapita vizuri, pumzi ikaongezeka, wakaongeza mwendo, kisha mguu ukagoma. Lawama hutupiwa viatu, umri au kampeni yenyewe. Mara nyingi chanzo ni kingine.

Msuli una kazi moja tu: kuvuta. Hausukumi kamwe. Hata ukisukuma ukuta, misuli ya nyuma ya mkono ndiyo inayovuta mfupa ili kiwiko kinyooke, huku ile ya mbele ikilegea. Amri hutoka kwenye ubongo kupitia neva, kalsiamu huachiliwa ndani ya msuli, na nyuzi za protini ziitwazo aktini na myosini huteleza na kuingiana, msuli ukafupika. Kazi hiyo hulipiwa na kemikali iitwayo ATP, ambayo akiba yake hutosha sekunde chache. Fosfati ya kreatini, akiba nyingine ya nishati iliyomo ndani ya msuli, huisogeza jitihada hadi sekunde 10 hivi, kisha uvunjaji wa haraka wa sukari hushika nafasi, na kazi ikizidi dakika moja au mbili mzigo mkubwa hubebwa na oksijeni inayoletwa na damu. (Mifumo hii hufanya kazi kwa pamoja tangu mwanzo. Tunaitenganisha ili ielezeke.)

Moyo wa mtu mzima aliyetulia husukuma takriban lita 5 za damu kwa dakika. Katika kazi ngumu hufika lita 20 hivi, na kwa wanariadha wa mbio ndefu waliobobea hupita 30. Damu hiyo pia hugawanywa upya. Misuli, ambayo wakati wa utulivu hupata kama sehemu moja ya tano, sasa huchukua zaidi ya robo tatu, na tumbo na figo hupunguziwa. Ndiyo maana tunakataza kusimama ghafla baada ya mbio. Mishipa ya damu ya miguuni bado imepanuka, misuli ya miguu imeacha kuirudisha damu juu, na mtu huona kizunguzungu au huanguka. Tembea dakika chache kwanza.

Sasa tufike kwenye foleni yetu. Mwili haubadiliki wote kwa kasi moja. Maji ya damu huongezeka ndani ya siku chache tu za mazoezi, hivyo moyo hupata cha kusukuma na mapigo hushuka kwa mwendo uleule. Neva hujifunza kuamsha nyuzi nyingi zaidi za msuli kwa mpigo mmoja, na nguvu ya wiki za kwanza hutoka zaidi huko, kabla msuli haujanenepa kwa kiasi cha kuonekana. Unene huhitaji wiki kadhaa. Kano na mifupa huhitaji miezi, kwa sababu kano hupata damu kidogo kuliko msuli na hujijenga polepole, na mfupa hubomoa sehemu iliyochoka kabla ya kuijenga upya. Mtu wa wiki ya nne basi ni lori lililofungwa injini mpya juu ya chasisi ya zamani. Anajisikia anaweza, na kweli pumzi inaweza, lakini kano bado haijafika. Anaongeza kilomita na kasi kwa wakati mmoja, na anayekuja kwetu wiki inayofuata ni yeye.

Ushauri wetu hapa ni mfupi: ongeza jambo moja kwa wakati, ama muda, ama kasi, ama mlima, na ulizoee kwa wiki mbili tatu kabla ya kugusa jingine.

Kuna imani ambazo tumezijibu mara nyingi kiasi kwamba tunazijibu tena kwa uchovu kidogo. Maumivu ya siku ya pili hayatokani na asidi laktiki, ile inayotokea sukari inapovunjwa haraka. Hiyo huondoka kwenye damu ndani ya saa moja hivi baada ya mazoezi, ilhali maumivu haya hukolea kati ya saa 24 na 72. Yanatokana na michubuko midogo ndani ya nyuzi za msuli, hasa pale msuli unapokaza huku ukirefushwa, kama paja linavyofanya ukishuka ngazi. Ndiyo maana kushuka mlima huacha maumivu zaidi kuliko kupanda, ingawa anayepanda ndiye anayehema. Ukirudia zoezi lilelile baada ya wiki moja au mbili, maumivu hupungua sana, na hiyo haimaanishi kwamba zoezi limeacha kufanya kazi.

Jasho nalo ni maji na chumvi. Hupoza mwili linapokauka juu ya ngozi. Anayejifunga nailoni tumboni analizuia lisikauke, anapandisha joto la mwili hadi kiwango cha hatari, na uzito aliopoteza unarudi akinywa maji. Kitambi hakiondoki kwa kukunja tumbo mara mia pia. Msuli hauchomi mafuta ya jirani yake, kwani mafuta hutolewa mwili mzima na kusafirishwa kwa damu.

Mkojo ukigeuka kahawia iliyokolea baada ya mazoezi makali, misuli ikavimba na kukosa nguvu, usisubiri miadi ya fiziotherapia. Msuli umevunjika kwa wingi na protini yake inaweza kuharibu figo. Nenda idara ya dharura siku hiyohiyo. Maumivu ya kifua na kuzimia ni vivyo hivyo.

Kuhusu fomu. Kila anayejiunga na vipindi vyetu hujaza fomu ya maswali saba: kama amewahi kuambiwa ana ugonjwa wa moyo au shinikizo la damu, kama hupata maumivu ya kifua, kama amepata kizunguzungu au kuzimia katika miezi 12 iliyopita, kama ana ugonjwa mwingine wa kudumu, kama anatumia dawa za ugonjwa wa kudumu, kama ana tatizo la mifupa au viungo linaloweza kuzidi, na kama daktari amemwambia afanye mazoezi chini ya uangalizi tu. Jibu moja la “ndiyo” halimfungii mtu mlango. Anaulizwa zaidi, na ikibidi anaandikiwa rufaa kwa daktari. Anayeficha, tukigundua, husimamishwa vipindi hapohapo, fomu hufutwa, na huanza upya akiwa na barua ya daktari. Hatuombi radhi kwa hilo. Baadhi ya dawa za shinikizo hushusha mapigo ya moyo, na mwalimu asiyeambiwa atadhani mtu hajitumi, amzidishie kazi. Hesabu ya 220 kutoa umri, ambayo hata kwa mwenye afya hukosea kwa mapigo 10 au zaidi, kwa anayetumia dawa hizo haifai kabisa. Atumie mazungumzo: akiweza kuongea lakini hawezi kuimba, yuko kwenye mwendo wa wastani.

Kiasi kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani tangu 2020 ni dakika 150 hadi 300 za mwendo huo kwa wiki, pamoja na mazoezi ya nguvu siku mbili au zaidi. Sharti la zamani la angalau dakika 10 mfululizo liliondolewa.

Aliyeumia aje na viatu anavyofanyia mazoezi, bila kuvisafisha soli, na aeleze wiki mbili kabla ya maumivu aliongeza nini. “Sikuongeza chochote” tunalisikia kila siku. Tunaomba afikiri tena kabla ya kuingia.