Pua ya pikapu kuinama si ugonjwa: pima kabla ya kusawazisha au kunyanyua

Kila Wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani inapokaribia, foleni ya magari yanayoletwa kukaguliwa hurefuka, na siku hizi pikapu zilizonyanyuliwa si chache tena katika foleni hiyo. Wenyewe wengi huondoka wamenuna. Mtu ametoa fedha zake gereji, gari limesimama anavyotaka, kisha mkaguzi anamnyima stika ya ukaguzi kwa sababu ya taa na breki. Malalamiko yanayotufikia sisi wakaguzi karibu yote yana maneno haya: "Mimi breki sijazigusa." Namwamini. Hakuzigusa. Ila zimeguswa, na ndiyo maana naandika.

Tuelewane kwanza kwenye maneno, maana mafundi wanayachanganya. Kusawazisha ni kupandisha mbele peke yake mpaka ilingane na nyuma. Kunyanyua ni kupandisha mbele na nyuma. Watu wengi hudhani kusawazisha ni kazi ndogo isiyo na madhara, na kunyanyua ndiko kwenye hatari. Kwa pikapu inayobeba mzigo, mimi naona ni kinyume chake: ukinyanyua kwa seti kamili yenye springi za nyuma zinazolingana na mzigo wako, gari hubaki na mwinamo wake. Ukisawazisha, unauondoa.

Mwinamo huo si kosa la kiwanda. Tazama Hilux tupu kutoka ubavuni: nyuma iko juu, pua imeinama. Ile nafasi ya ziada nyuma ni ya mzigo. Ukipakia kilo 800 au 900, springi hushuka, na gari ndipo linapokaa sawa. Waliolitengeneza walilipanga lisimame sawa likiwa kazini, si likiwa limeegeshwa mbele ya nyumba. Ukilisawazisha likiwa tupu, siku ya mzigo litakaa kama boti inayokimbia, pua juu na mkia chini. Huko Marekani vijana walifika mahali pa kuliinua gari mbele makusudi ili likae hivyo, mpaka jimbo la North Carolina likapiga marufuku kuanzia tarehe 1 Desemba 2021: ukingo wa madigadi ya mbele hauruhusiwi kuzidi wa nyuma kwa inchi 4, yaani kama sentimita 10. Kwetu hatuoni vijana wa mapambo. Tunaona wauza matofali na wakulima wa vitunguu waliosawazisha gari tupu, kisha wakapakia.

Twende kwenye taa, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapokwama kwenye ukaguzi. Taa za chini hupangwa ili mwanga ushuke kiasi cha sentimita 10 hadi 13 katika kila mita 10. Hilux ina sentimita 308 na nusu kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma. Ukipandisha mbele sentimita 5 tu, chasisi nzima inaegemea nyuma, na mwanga unapanda kwa sentimita 16 katika kila mita 10. Toa zile 10 hadi 13 ulizokuwa nazo: mwanga sasa haushuki tena, unapanda sentimita 3 hadi 6. Kufika mita 50 uko sentimita 15 hadi 30 juu ya usawa wa taa zenyewe, ambazo kwenye pikapu zipo karibu mita moja kutoka chini. Hapo ndipo yalipo macho ya dereva wa gari dogo kama IST anayekuja mbele yako, na ya bodaboda. Yeye anadhani umewasha taa kubwa na anakumulikia ushushe. Wewe unaona taa zako ziko chini, unamjibu kwa hasira. Nyote wawili mna haki, na nyote wawili hamuoni barabara.

Fundi aliyepandisha gari bila kurekebisha taa hajamaliza kazi. Kuzirekebisha ni kugeuza skrubu gari likiwa limesimama sehemu tambarare mbele ya ukuta. Lakini ukizipanga gari likiwa tupu, siku ya mzigo zitapanda tena. Baadhi ya pikapu zina kijigurudumu karibu na usukani cha kushusha taa ukiwa umepakia; kitumieni, kiliwekwa kwa sababu.

Sasa breki. Kwenye pikapu nyingi za zamani, na Hilux za zamani zimo, juu ya ekseli ya nyuma kuna vali iliyofungwa kwenye chasisi, na kijifimbo kinachoiunganisha na ekseli. Kazi yake ni kusoma mzigo. Gari likipakiwa, chasisi inasogelea ekseli, kijifimbo kinasukumwa, na vali inaachia nguvu zaidi kwenye breki za nyuma. Gari likiwa tupu, vali inapunguza nguvu hiyo ili matairi ya nyuma yasijifunge na gari likazunguka. Ukiweka vipande vya chuma kati ya ekseli na springi, au ukiongeza majani ya springi, chasisi inakaa mbali na ekseli siku zote. Vali inaamini gari ni tupu siku zote. Umepakia karibu tani moja, unashuka mlima Kitonga, na breki mbili za mbele zinafanya kazi ya breki zote nne.

Nilimkagua mzee mmoja muuza matofali ambaye alibadilisha pedi za mbele mara tatu ndani ya miezi michache. Kila mara aliambiwa pedi ni feki. Nilipoingia chini nikakuta vipande vya chuma vya sentimita 5 nyuma, na kile kijifimbo kimevutwa mpaka mwisho. Mabano yake yalitakiwa yahamishwe kwa kiasi kilekile gari lilichopandishwa, kazi isiyozidi nusu saa. Gereji iliyoweka vyuma haikujua kwamba vali ipo. Mzee wa watu alikuwa ameshakata tamaa na gari lake.

Kwa hiyo mkaguzi akikuuliza kuhusu breki wakati wewe ulibadilisha springi, tafadhali usimwambie anatafuta kitu kidogo. Anatafuta kijifimbo hicho, na paipu za breki zilizonyooka mpaka hazina ulegevu gurudumu linaponing'inia.

Mbele, fundi anayeweka spesa, yaani kipande cha kuinulia gari, juu ya shokapu awe anajua hesabu hii: shokapu imeshikwa katikati ya mkono wa chini, si kwenye gurudumu, kwa hiyo spesa ya sentimita 2 na nusu inaweza kupandisha gari sentimita 4 hadi 5. Wengi huweka spesa ya sentimita 5 wakitaka gari lipande sentimita 5, kisha wanashangaa sivi joint (maungio yanayozungusha magurudumu) zinapasua mipira na boli joint (maungio ya mikono ya saspensheni) zinaisha. Pikapu zenye tosheni baa, yaani fimbo ya chuma inayojisokota badala ya springi, kama Isuzu D-Max za kwanza, ndizo zinazowaponza watu zaidi kwa sababu kukaza bolti ni bure. Ukikaza, hujaongeza nguvu yoyote. Umemaliza tu nafasi ya gurudumu kushuka, na gari linagonga kila shimo. Land Cruiser yenye ekseli nzima mbele ina shida yake: ukiipandisha, ekseli inavutwa upande mmoja na usukani unakuwa mwepesi, haurudi wenyewe. Alaimenti peke yake haiponyi yote haya, lakini ifanyike siku hiyohiyo, si baada ya tairi kuliwa upande.

Jambo la kupinduka nitalisema kwa namba. Shirika la usalama barabarani la Marekani, NHTSA, hutumia kipimo rahisi: nusu ya upana kati ya matairi, gawanya kwa urefu wa kitovu cha uzito. Tuseme upana ni sentimita 154 na kitovu kiko sentimita 70 juu. Unapata 1.10. Nyanyua kitovu hicho sentimita 8, unapata 0.99. Chini ya 1, kwenye lami kavu, gari linaweza kupinduka kabla ya kuteleza. Hapo sijaweka magunia yaliyorundikwa juu ya kabini.

Kuna dhana mbili ambazo zinanichosha, niseme ukweli. Ya kwanza ni kwamba gari lililonyanyuliwa linabeba zaidi. Halibebi zaidi. Uzito wa juu unaoruhusiwa umeandikwa kwenye kibati cha kiwandani, na unategemea chasisi, ekseli, beringi na breki. Springi ngumu zinazuia gari lisionekane limezidiwa, na kwa kweli hilo ni baya zaidi, kwa sababu ule mkia ulioshuka ndio uliokuwa unakuonya. Eti kwa kuwa pikapu hazisimamishwi kwenye mizani za barabara kuu basi uzito hauwahusu! Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya udhibiti wa uzito inawalenga wenye magari ya kilo 3,500 na kuendelea, ni kweli. Kibati chako hakijafutwa na sheria hiyo.

Ya pili ni kwamba kunyanyua saspensheni kunaisaidia difu isigonge mawe. Difu ya nyuma ya pikapu ipo ndani ya ekseli, na ekseli imekaa kwenye matairi. Unaweza kupandisha bodi mpaka ukahitaji ngazi, difu itabaki palepale. Kinachoipandisha ni tairi. Ukitoka 265/65R17 kwenda 285/70R17, kipenyo kinatoka takriban sentimita 77.6 hadi 83.1, na difu inapanda nusu ya tofauti hiyo, kama sentimita 2.7. Kwa faida hiyo unalipa kwa spidomita: ikisoma 50, wewe unakwenda zaidi ya 53. Kwenye eneo la makazi tochi ya trafiki itakusoma 53, haitasoma dashibodi yako.

Kabla ya kuamua, fanya hivi. Jaza tangi, egesha mahali tambarare, upepo wa matairi uwe sahihi. Pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi juu yake, magurudumu yote manne, uandike. Usipime kutoka ardhini, tairi iliyoisha itakudanganya. Kisha pakia mzigo wako wa kawaida, ule wa kila wiki, si wa siku moja ya msiba au harusi, upime tena. Ukiweza, pitia kwenye mizani ya ghala au ya wanunuzi wa vyuma chakavu upate uzito wa mbele peke yake na wa nyuma peke yake. Kama nyuma inashuka mpaka kulingana na mbele, pikapu yako haihitaji kusawazishwa; iko sawa inapofanya kazi. Kama nyuma inashuka kupita mbele, springi zimechoka au unazidisha, na dawa iko nyuma, haiko mbele. Kama hubebi kitu, na umeongeza winchi au bampa nzito iliyoshusha pua, hapo springi za mbele zinazolingana na uzito huo ni matumizi ya haki kabisa, na ningekushauri springi kuliko spesa. Anayepita porini kwa kazi yake na kuhitaji urefu wa kweli, sentimita 4 au 5 pande zote kwa seti kamili, shokapu zikiwemo, zinamtosha. Zaidi ya hapo simshauri mtu.

Ukishafanya, weka risiti ya gereji yenye orodha ya vifaa na vipimo vya kabla na baada. Wenye bima kubwa waiarifu kampuni yao kwa maandishi na kuomba nyongeza kwenye mkataba. Usisubiri mpaka ajali, kwa sababu baada ya ajali polisi hujaza taarifa ya ukaguzi wa gari, PF 93, na mabadiliko yataandikwa humo uwe umeyataja au hukuyataja. Ukibadili bodi, rangi au injini wakati huohuo, kadi ya gari nayo lazima ibadilishwe TRA, Mamlaka ya Mapato Tanzania. Barabarani, kosa la ubovu huandikwa papo hapo, faini kwa kila kosa, na taa ni kosa lake, tairi ni kosa lake, breki ni kosa lake. Malipo ni kwa namba ya malipo uliyopewa kwenye karatasi, si mkononi kwa mtu. Gari lenye breki mbovu linaweza kuzuiwa lisiendelee na safari mpaka litengenezwe, na kulipa faini hakulirudishi barabarani.

Ambao mmeshanyanyua, leteni magari kabla ya wiki ya ukaguzi, foleni ikiwa fupi. Njooni na fundi wenu ikiwezekana, nimwoneshe ile vali. Na gari lije na mzigo wake wa kawaida, maana likija tupu nitakagua gari ambalo huliendeshi.