Ruzuku ya hifadhi: kulipwa ili shamba lisilimwe

Katika kaunti nyingi za mashambani huko Marekani, wapo wenye mashamba wanaopokea hela za serikali kila mwaka kwa sharti kwamba wasilime. Malipo hayo ni ruzuku ya hifadhi. Mpango wake unaojulikana zaidi ni CRP (Conservation Reserve Program, yaani mpango wa akiba ya hifadhi), ulioanzishwa na sheria ya kilimo ya mwaka 1985 chini ya Wizara ya Kilimo.

Kimsingi serikali inakodi ardhi. Mwenye shamba anasaini mkataba wa miaka 10 hadi 15, anaacha kupanda mahindi au ngano, anaotesha nyasi au miti, kisha analipwa mara moja kwa mwaka. Gharama ya kuotesha nayo inaweza kurudishwa hadi nusu. Viwango hutofautiana kwa kaunti na kwa aina ya udongo, vikifuata bei ambayo wakulima wa hapo hukodishiana mashamba yasiyomwagiliwa. Ndiyo maana ekari ya Iowa, penye udongo mweusi mnono, hulipwa zaidi ya ekari ya magharibi mwa Kansas. Ukivunja mkataba njiani, unarudisha ulichokwisha kula, pamoja na riba.

Kwa nini kulipia nyasi? Miaka ya 1930 dhoruba za vumbi zilipeperusha udongo wa Oklahoma, Kansas na Texas. Miaka ya 1970 bei ya nafaka ilipopanda, hata miteremko na ardhi dhaifu ililimwa. Kufikia 1985 udongo ulikuwa ukimomonyoka huku maghala yamefurika na bei zimeanguka, na kupumzisha mashamba kulitibu yote mawili. Kwa hiyo tusijidanganye kwamba mpango ulizaliwa kwa mapenzi ya ndege na mito peke yake.

Penye utata ni nani anayefaidi. Hela zinafuata ardhi, na mwenye ardhi si lazima awe mkulima: anaweza kuwa mrithi anayeishi mjini Chicago. Upo ukomo wa dola 50,000 kwa mtu kwa mwaka, lakini ukomo huo haumsaidii kijana anayetafuta shamba la kukodi, maana anashindana na mpangaji asiyechelewesha malipo, yaani serikali. Mji mdogo nao huumia. Shamba lililolala halinunui mbegu wala mbolea, halina cha kupeleka ghalani, na dereva wa mashine ya kuvuna hana kazi humo. Kwa sababu hiyo sheria inakataza, isipokuwa kwa kibali maalumu, zaidi ya asilimia 25 ya ardhi ya kulima ya kaunti moja kuingizwa kwenye mpango. Kwa maoni yangu hicho ndicho kifungu chenye busara kuliko vyote.

Udhaifu mkubwa ni kwamba serikali hununua miaka tu. Mwaka 2007 mpango ulifikia kilele cha ekari milioni 36.8. Kisha mahindi yakapanda bei, kwa sehemu kutokana na viwanda vya ethanoli (mafuta ya magari yanayotengenezwa kwa mahindi), Bunge likapunguza ukomo wa ekari, na mikataba mingi ilipoisha majembe ya trekta yakarudi. Kufikia 2016 zilibaki takriban milioni 24. Kwa ardhi oevu kuna njia nyingine tangu miaka ya 1990: serikali hulipa mara moja, mwenye shamba anabaki na hati yake, na haki ya kulima pale inaondoka kwa kudumu, hata kwa atakayelinunua baadaye.