Je, Wajua kwa Nini Benki Kuu Huhitaji Watafiti?

Wengi wetu tunaijua benki kuu kwa noti zake, na kwa tangazo linalotolewa kila baada ya wiki kadhaa kwamba riba imepanda, imeshuka au imebaki pale pale. Si wengi wanaofahamu kwamba nyuma ya tangazo hilo ipo idara nzima ya wachumi na wanatakwimu ambao hawashiki noti wala hawakagui benki, bali kutwa huchambua takwimu, huandika makala za utafiti na kubishana juu ya mambo ambayo bado hayajatokea. Kwa kuwa nchi ina vyuo vikuu na ofisi yake ya takwimu, mtu ana haki ya kuuliza watafiti hao ni wa nini.

Jibu limo katika suala la wakati. Benki kuu ikipandisha riba leo, bei za bidhaa hazitulii kesho. Athari kamili kwa kawaida huchukua mwaka mmoja hadi miwili kufika. Kwa upande mwingine, takwimu za pato la taifa za robo ya mwaka hutoka wiki au miezi kadhaa baada ya robo hiyo kwisha, na baadaye husahihishwa, pengine mara zaidi ya moja. Kwa hiyo kamati ya sera ya fedha hukaa leo, mkononi ikiwa na picha ya miezi iliyopita, ili iamue jambo ambalo matokeo yake yataonekana mwakani au mwaka utakaofuata. Pengo hilo lina ncha mbili, na kazi ya mtafiti ni kulipunguza kotekote.

Ncha ya kwanza ni kuijua hali ya sasa. Hapa watafiti hutumia dalili zinazotangulia takwimu rasmi: umeme uliotumika viwandani, saruji iliyouzwa, shehena iliyopita bandarini, kodi iliyokusanywa, malipo ya kielektroniki na mikopo mipya iliyotolewa na benki. Tena huuliza watu. Nchini Marekani, benki 12 za kanda zilizo chini ya benki kuu ya nchi hiyo hukusanya maelezo ya wafanyabiashara, wenye mabenki na wengineo wa maeneo yao, na ripoti ya maelezo hayo hutolewa mara 8 kwa mwaka. Ripoti hiyo ni ya maneno zaidi kuliko tarakimu, na naona hapo ndipo thamani yake ilipo, kwa sababu mwenye kiwanda huweza kusema kwamba ameacha kuajiri mapema kabla ya uamuzi wake kuonekana katika jedwali lolote.

Ncha ya pili ni kujua uamuzi wa leo utapita njia gani hadi umfikie mwananchi. Riba ya benki kuu hubadilisha kwanza gharama ya benki kukopeshana zenyewe kwa zenyewe. Kisha hubadilisha riba ya mikopo na amana, thamani ya sarafu, na hatimaye uamuzi wa mtu wa kujenga, kununua au kungoja. Mnyororo huu hukatika kwa urahisi. Mahali ambapo wengi hawana mkopo wala amana katika benki, riba inaweza kupanda na wao wasiguswe moja kwa moja, na ndiyo maana baadhi ya benki kuu huhesabu kwa makini ni nani aliyemo katika mfumo wa fedha na ni nani aliye nje. Nchini Kenya, utafiti wa kaya ambao benki kuu huushiriki pamoja na ofisi ya takwimu ya taifa ulionyesha kwamba watu wazima wanaotumia huduma rasmi za fedha waliongezeka kutoka asilimia 26.7 mwaka 2006 hadi asilimia 82.9 mwaka 2019, kwa sehemu kubwa kupitia simu za mkononi. Kwa mtunga sera, hizo ni kama nchi mbili tofauti.

Ili kuunganisha yote hayo, watafiti hutengeneza modeli, yaani mfano mdogo wa uchumi unaoweza kuchezewa bila kumwumiza mtu. Leo modeli ni milinganyo ndani ya kompyuta, lakini mwaka 1949 Bill Phillips, mchumi mzaliwa wa New Zealand aliyesomea uhandisi wa umeme, alionyesha mjini London modeli iliyoendeshwa kwa maji. Ilikuwa mashine inayomzidi mtu kimo, yenye matangi ya plastiki angavu, mabomba na vali. Pampu iliyapandisha maji ya rangi hadi juu, nayo yakateremka kama mapato ya taifa: sehemu ikachepuka kuwa kodi, sehemu ikawa akiba, sehemu ikatoka nje kulipia bidhaa za kigeni, na yaliyosalia yakawa matumizi ya nyumbani. Tangi la fedha zilizowekwa likipungua maji, riba ilipanda na mkondo wa uwekezaji ukafifia, na mtazamaji aliweza kuona kwa macho yake jinsi badiliko la upande mmoja lilivyosafiri taratibu hadi upande wa pili. Benki kuu ya Guatemala ilinunua mashine kama hiyo katika miaka ya 1950.

Phillips huyo huyo alichapisha mwaka 1958 uchambuzi wa takwimu za Uingereza za miaka ya 1861 hadi 1957, ulioonyesha kwamba ukosefu wa ajira ulipokuwa mdogo, mishahara ilipanda haraka. Wengi waliichukua hali hiyo kuwa kama menyu: ukivumilia mfumuko wa bei kidogo, unapata ajira zaidi. Miaka ya 1970 ilipofika, bei na ukosefu wa ajira vilipanda pamoja. Mwaka 1975 Charles Goodhart, mshauri katika benki kuu ya Uingereza, alieleza kwamba uhusiano wa kitakwimu huelekea kuvunjika mara unapoegemewa ili kudhibiti uchumi, kwani watu hubadili mienendo yao wanapoona sera inavyoendeshwa. Kwa hiyo utafiti wa benki kuu haumaliziki kwa sababu kinachochunguzwa nacho kinamtazama mchunguzi.

Kuna upande mwingine uliopuuzwa kwa muda mrefu, nao ni uimara wa mfumo wa fedha wenyewe. Mwezi Novemba 2008, Malkia Elizabeth wa Pili alipotembelea chuo cha uchumi cha London aliuliza kwa nini hakuna aliyeiona hatari ya msukosuko wa fedha wa mwaka huo ikija. Jibu ambalo kundi la wasomi lilimwandikia mwaka uliofuata lilikiri kwamba kila mmoja alitazama kipande chake, na hatari ya mfumo mzima haikueleweka. Mfumuko wa bei unaweza kuwa tulivu kabisa huku mikopo mibovu ikirundikana.

Tangu hapo majaribio ya ustahimilivu wa benki yamekuwa kazi ya kawaida. Watafiti hubuni hali mbaya, kwa mfano bei za nyumba zianguke na watu wengi wapoteze ajira, kisha hukokotoa ni mikopo mingapi haitalipwa na mtaji wa kila benki utabaki kiasi gani. Mwaka 2009 Marekani ilizipima hivyo benki 19 kubwa, ikabaini kwamba 10 kati yake zilihitaji kuongeza mtaji wa jumla ya karibu dola bilioni 75, na ikatangaza matokeo ya kila benki kwa jina. Uwazi huo ulisaidia kurudisha imani, kwa kuwa wenye fedha walikuwa wameogopa zaidi wasichokijua kuliko hasara yenyewe.

Uwazi huo unawahusu watafiti wenyewe pia. Makala nyingi za utafiti za benki kuu hubeba onyo kwamba maoni ni ya waandishi, si ya benki. Siioni kama kanusho tupu, maana humruhusu mtafiti kuandika kwamba modeli ya mwajiri wake imekosea. Benki kuu ya Uingereza nayo ilianza mwaka 1996 kuchapisha makisio ya mfumuko wa bei kwa mchoro unaotanuka kama upepeo uliokunjuliwa, ili msomaji aone kwamba kadiri siku zinavyosogea mbele ndivyo uhakika unavyopungua.

Mwaka 2024 mchoro huo nao ulitiwa kwenye mizani. Ben Bernanke, aliyekuwa mwenyekiti wa benki kuu ya Marekani wakati wa msukosuko na aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2022 kwa utafiti juu ya benki na misukosuko, aliombwa kuchunguza jinsi benki ya Uingereza inavyofanya makisio yake. Alikuta programu nyingine za kompyuta zimepitwa na wakati, akatoa mapendekezo 12. Mojawapo lilikuwa kuachana na mchoro wa upepeo na badala yake kuchapisha hali mbadala, ili wananchi wasome mapema benki ingefanya nini na riba iwapo mambo yangekwenda tofauti na makisio.