Listeria haitoboi seli, hufunguliwa na seli yenyewe

Dhana: Bakteria huingia kwenye seli zetu kwa kuzitoboa.

Ukweli: Listeria monocytogenes, bakteria anayeenea kwa chakula, haingii kwa kutoboa. Juu ya mwili wake ana protini iitwayo internalini A, ambayo hunasa kipokezi, yaani protini iliyo juu ya seli, kiitwacho E-kadherini kwenye seli za utumbo. Kikishanaswa, seli yenyewe hupanga upya nyuzi zake za aktini, protini inayoipa umbo, na utando wake humzunguka bakteria hadi akamezwa. Kazi kubwa hapo hufanywa na seli.

Dhana: Basi kipokezi hicho ni kasoro ya mwili.

Ukweli: Hata kidogo. E-kadherini ndiyo inayozishikamanisha seli jirani. Tukiiondoa, tabaka la utumbo linaachana.

Dhana: Kinachomwambukiza panya humwambukiza mtu vilevile.

Ukweli: Hapa ndipo penye utamu wa jambo lenyewe. Panya wa maabara aliyelishwa Listeria hakuugua kirahisi, na mwaka 1999 watafiti wa Taasisi ya Pasteur, Paris, akiwemo Marc Lecuit na Pascale Cossart, walieleza kwa nini. Katika E-kadherini ya binadamu, asidi amino (kijenzi cha protini) ya 16 ni prolini. Ya panya ni asidi glutamiki. Tofauti hiyo moja tu inatosha kuifanya internalini A ikose pa kushika. Mwaka 2001 walitengeneza panya wenye E-kadherini ya binadamu utumboni, na Listeria akapenya.

Dhana: Kila bakteria hutegemea kipokezi alichokikuta.

Ukweli: Salmonella huidunga seli protini zake ili imvute ndani. Aina fulani ya E. koli inayoharisha watoto hupachika kwenye seli kipokezi chake yenyewe, Tir, kisha ikajishikiza hapo bila hata kuingia.

Dhana: Listeria huleta ugonjwa wa tumbo tu.

Ukweli: E-kadherini ipo pia kwenye kondo la nyuma, kwa hiyo bakteria aliyevuka utumbo wa mama anaweza kumfikia mtoto tumboni. Afrika Kusini, mwaka 2017 hadi 2018, zaidi ya watu 1,000 waliugua katika mlipuko uliohusishwa hasa na poloni, soseji nene inayoliwa bila kupashwa, na zaidi ya 200 walifariki. Takriban wagonjwa wanne kati ya kila kumi walikuwa watoto wachanga. Friji haimzuii bakteria huyu, huendelea kuzaliana humo. Mjamzito apashe nyama ya kusindikwa mpaka itoe mvuke, na aepuke maziwa yasiyochemshwa.