Utafiti si matibabu: majibu kwa wanaosema "mimi niko kwa risachi"

Mimi ni muuguzi katika kliniki moja ya Eastlands, Nairobi. Maswali haya huulizwa kwenye foleni yetu karibu kila siku, na kuna moja ambalo nimechoka kulijibu mgonjwa akiwa tayari amezidiwa: "Niko kwa risachi, wameshanipima, kliniki ya nini tena?"

Utafiti wa chuo kikuu una lengo gani?
Kutafuta jibu la jambo ambalo bado halijulikani. Dawa hii inaishinda ile? Kwa nini wenye presha huacha vidonge? Mtafiti hukusanya vipimo na maelezo ya watu wengi, na faida huenda ikawafikia wagonjwa wa miaka ijayo. Kukutibu wewe si lengo lake.

Lakini walinitoa damu. Kama ningekuwa mgonjwa, si wangeniambia?
Hapana. Damu hupimwa kile kinachotafutwa tu. Anayetafuta malaria hataiona sukari yako. Sampuli nyingine hukaa kwenye friji miezi mingi kabla ya kuguswa, tena zina namba bila jina.

Mama mmoja alikuja kwetu miguu imevimba, kichwa kinamgonga. Kadi ya utafiti ilikuwa safi ndani ya bahasha ya kaki. Ile ya kliniki ya presha ilijaa tarehe ambazo hakufika. "Sista, si hawa walinipima?" Utafiti wenyewe ulikuwa wa lishe. Walimzungushia utepe mkononi na kumuuliza alichokula jana yake. Presha hakuna aliyeigusa.

Basi nisubiri majibu yao kwanza?
Usisubiri! Utafiti unaweza kuchukua miaka. Kifua kikibana, ukikohoa damu, kikohozi kikipita wiki 2, au ukitokwa na damu una mimba, njoo hospitali leo. Hata kama walikupima juzi, njoo. Hata kama walisema watakupigia simu, njoo. Simu ya mtafiti haishushi presha.

Wakinipa dawa je, hiyo si tiba?
Pengine. Katika majaribio mengi ya dawa watu hugawanywa kama kwa kura: hawa wanapata dawa mpya, wale wanapata ya kawaida au kidonge kisicho na dawa ndani. Mara nyingi hata anayekukabidhi hajui umepewa ipi. Kwa hiyo usiache ARV wala vidonge vya sukari kwa sababu umeingia utafitini. Mwambie daktari wa utafiti kila unachomeza. Usimgawie jirani. Na tafadhali, msijiandikishe tafiti mbili kwa siri ili mpate nauli mara mbili. Tunawajua, na dawa zikigongana mwilini nauli haitakusaidia.

Nani anawasimamia?
Kamati ya maadili, kama ile ya pamoja ya Hospitali ya Kenyatta na Chuo Kikuu cha Nairobi, na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu. Majaribio ya dawa hupita pia Bodi ya Dawa na Sumu. Ulinzi huu una historia. Huko Tuskegee, Marekani, kuanzia 1932 hadi 1972, wanaume weusi wenye kaswende walichunguzwa tu bila kutibiwa, hata penisilini ilipokuwa imeshapatikana. Waliambiwa wanatibiwa "damu mbaya", wakaamini wako mikononi mwa madaktari.

Wewe dai fomu ya ridhaa kwa lugha unayoielewa, nakala yake na namba ya simu. Uliza waziwazi: mkiniona mgonjwa, mtanitibu au mtanielekeza wapi?

Nikikataa, nitafukuzwa kliniki?
La. Unaweza kukataa, au kujitoa katikati. Ila kama unameza dawa yao, waambie kwanza ili uiache kwa usalama.

Kwa hiyo tuwakimbie?
Sikusema hivyo. Wanawake wa Majengo, Pumwani, tangu miaka ya 1980 wameshirikiana na watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wa Manitoba, Kanada, na mengi yanayojulikana kuhusu VVU yametokana nao. Shirikini, lakini kliniki msiiache.

Nikija kwenu niseme niko utafitini?
Sema mapema, kabla hatujakuandikia dawa. Lete kadi zote mbili na vidonge vyenyewe, si kuniambia "ni vile vyeupe". Vyeupe ni vingi.