Meko ya mawe katika Don't Starve, na kwa nini si sawa na moto wa kambi

Anayeanza kucheza Don't Starve hukuta mioto miwili inayofanana mno kwenye orodha ya vitu vya kutengeneza: moto wa kambi na meko ya mawe. Yote miwili inatoa mwanga, inapasha mwili joto, inachoma nyama. Wengi huchukua wa kwanza kwa kuwa ni rahisi, na kila jioni inawakuta wakihangaika kukata nyasi.

Gemu hii ilitolewa mwaka 2013 na studio ya Klei Entertainment ya Vancouver, Kanada. Siku moja ndani yake ni dakika nane za saa yako ya kawaida, zimegawanywa mchana, jioni na usiku. Usiku ni giza totoro, na gizani yupo Charlie, kiumbe asiyeonekana anayemshambulia mchezaji. Ukisimama pasipo mwanga unasikia onyo, kisha pigo. Pigo hilo huondoa 100 kwenye uhai wako, na Wilson, mhusika unayeanza naye, ana 150 tu. La pili hulivuki.

Moto wa kambi unataka nyasi 3 na magogo 2. Ni moto wa safarini: umechelewa porini, giza linaingia, unauwasha hapo hapo ulipo. Unaweza kuuongezea kuni, lakini ukizimika umekwisha kabisa. Kinachobaki ni majivu. Kesho unaanza upya na nyasi 3 nyingine na magogo 2 mengine.

Meko yanataka magogo 2 na mawe 12. Jina lake la Kiingereza, Fire Pit, linataja shimo, ila hakuna kinachochimbwa; ni duara la mawe lililopangwa juu ya ardhi. Ndiyo maana naona neno letu linakaa vizuri zaidi. Jikoni kwa bibi, moto ukizima mafiga hubaki pale pale na majivu yake, na kila mtu anajua kesho moto utawashwa wapi. Meko ya gemu ni hivyo hivyo: moto huzima, meko hubaki. Ukirudi jioni unatia gogo, yanawaka.

Kuna faida nyingine ambayo haionekani kwa macho, nayo ndiyo inayonifanya niwasisitizie wachezaji wapya wayajenge siku ya kwanza au ya pili. Gogo moja kwenye moto wa kambi huongeza sekunde 45. Gogo hilo hilo kwenye meko huongeza 90. Meko pia hubeba kuni nyingi zaidi kwa mara moja: moto wa kambi hujaa kwenye sekunde 270, meko kwenye 360. Kwa hiyo mawe 12 uliyoyatafuta kwa jasho yanakurudishia nusu ya kuni zako kila usiku, na zile nyasi hukati tena kwa ajili ya moto. Majira ya baridi yakiingia, kwa kawaida siku ya 21, usiku unarefuka na baridi inaua, na hapo ndipo akiba ya magogo inapookoa mtu.

Mawe hupatikana kwa kuvunja miamba kwa sururu, ambayo ni vijiti 2 na mawe ya gumegume 2. Miamba michache inatosha. Kwa meko huhitaji mashine ya sayansi, ile inayofungua vitu vipya vya kutengeneza, wala ujuzi wowote wa kufunguliwa kwanza.

Kwenye kutumia, kosa ninaloliona sana ni kujaza kuni tangu jua linapoanza kuzama. Jioni bado unaona, kwa hiyo mwanga huo unapotea bure. Subiri giza likaribie, tia gogo moja, kisha angalia ukubwa wa mwali: ukisinyaa, duara la mwanga nalo linasinyaa, na masanduku yako ya pembeni yanamezwa na giza pamoja na wewe uliyeyafuata. Mvua ikinyesha moto hula kuni haraka zaidi, kwa hiyo weka magogo ya ziada mkononi. Si lazima yawe magogo. Mbegu za misonobari, samadi, hata mkaa huwaka.

Wakati wa joto kali ni habari nyingine. Nyongeza ya Reign of Giants ya mwaka 2014 ilileta kiangazi kinachochoma mwili, na pamoja nacho meko ya moto baridi, yanayotoa mwanga huku yakikupoza.

Kabla ya kuyajenga, tafakari mahali. Panafaa pawe karibu na nyasi, miti na chakula, mahali unapoweza kufika kutoka porini kabla giza halijakukuta. Kila kitu kingine, masanduku, sufuria ya kupikia, mashine, kitapangwa kuyazunguka, kwa hiyo ukiweka meko umeshaweka kambi. Ukikosea, nyundo huyabomoa na kukurudishia nusu ya ulivyotumia: gogo 1 na mawe 6. Mimi siyabomoi. Nikihama nayaacha yalipo na kujenga mengine huko niendako, maana siku nikipita njia ile na giza likanikuta, nahitaji gogo moja tu.