Kambi ya Kikweka ni kambi ya namna gani?

Mtu wa Vihiga au Kakamega akisikia "kambi ya Kikweka ya watoto", atafikiria mkutano wa vijana wa Kanisa la Marafiki, dhehebu la Kikristo la Wakweka: kwaya, mahubiri, mafunzo ya Biblia. Ana sababu. Wamishonari wa Kikweka kutoka Marekani walifika Kaimosi, magharibi mwa Kenya, mwaka 1902, na leo Kenya ina Wakweka wengi kuliko nchi nyingine yoyote. Ila waliofika Kaimosi walitoka tawi lenye wachungaji na nyimbo. Kambi ninazozieleza hapa, za Marekani, zinafuata tawi jingine, la ibada ya kimya.

Shule za Marekani hufunga kwa likizo ndefu, takriban Juni hadi Agosti, na wazazi wengi huwapeleka watoto kambini wakalale huko wiki kadhaa. Kwenye kambi ya Kikweka mtoto huogelea, hupiga kasia na kupanda milima kama kwenye kambi nyingine. Si lazima awe Mkweka, wala hashawishiwi kuwa. Ukweka uko katika jinsi siku inavyoendeshwa.

Mfano mzuri ni Farm & Wilderness, iliyoanzishwa na Ken na Susan Webb mwaka 1939 huko Plymouth, jimbo la Vermont. Vibanda vya kulala havina umeme. Watoto hufanya kazi za shamba na bustani kwa mikono yao, na kila siku hukaa kimya pamoja.

Kimya hicho ndicho moyo wa kambi. Wakweka walianza Uingereza katika karne ya 17, wakati wa George Fox, wakiamini kwamba ndani ya kila mtu mna nuru ya Mungu, hivyo hapahitajiki kasisi wa kumsemea. Basi watoto na wakubwa hukaa pamoja, mara nyingi nje chini ya miti, bila wimbo wala mahubiri. Aliyeguswa na jambo husimama, akalisema kwa maneno machache, akaketi. Hajibiwi wala habishiwi, kimya hurudi. Mtoto wa miaka tisa akisema amemkumbuka bibi yake, wakubwa humsikiliza kama wanavyosikilizana wao kwa wao. Mwishoni watu hupeana mikono.

Kama kila mtu ana nuru hiyo, basi hata uamuzi hauwezi kuachiwa walio wengi tu. Hapo ndipo Ukweka unapoonekana mchana kweupe. Watoto wa kibanda kimoja wakitaka kuchagua mlima wa kupanda, hawapigi kura. Huzungumza mpaka wapate njia ambayo kila mmoja anaweza kuikubali, na mmoja akisema anaogopa, wengine hutulia wamsikie. Huchukua muda, na kwangu mimi muda huo ndio somo lenyewe: kura ingemaliza mambo kwa dakika moja na kuwaacha watatu wakipanda mlima wamenuna.